Nusu Dola za Gerhard

Tangu Orrin Tadlock astaafu kazi ya ghala la mahindi, hakutulia kitini. Kila siku alizunguka benki za miji midogo ya Iowa, anatoa noti, anapewa mabunda ya sarafu za nusu dola, anayapasua ndani ya gari. Alitazama kingo tu. Ukingo wenye mstari wa shaba, sarafu ya kawaida. Ukingo mweupe mtupu, sarafu ya zamani ya madini ya fedha, yenye thamani kuliko nusu dola; hizo alizibakiza. Za kawaida alizipeleka benki nyingine, akaanza upya. Mkewe, Verna, alishachoka kumwambia chakula kinapoa.

Jumatatu moja alipasua bunda akakuta zote nyeupe. La pili, vilevile. Badala ya kufurahi, akaingiwa na wasiwasi. Nani alipeleka mali hii benki kwa bei ya nusu dola? Mwizi, au mjane asiyejua? Karani aligoma kumtajia mteja. Basi Orrin akawa harudi nyumbani. Anashinda palepale benki, akijifanya kusoma matangazo ya mikopo.

Alhamisi akaingia Bi Ilse Haverkamp, mjane wa Gerhard, fundi saa, akiburuta kikapu cha magurudumu kilichojaa mabunda. Orrin akamwahi, akamnong'oneza kwamba zile ni za madini ya fedha matupu, wanunuzi wangempa bei mara kadhaa ya hiyo ya benki.

“Najua,” akasema Bi Ilse. “Niliishi na Gerhard miaka yote hiyo, nisijue ukingo mweupe?”

“Sasa mbona unazitupa, bibi?”

“Nazirudisha alikozitoa. Jumamosi zangu zote zimo humu. Yeye anapasua mabunda, mimi nasubiri. Sitaki hata senti ya faida yake.” Akamtazama juu hadi chini. “Na wewe, mkeo yuko wapi saa hizi?”

Orrin hakujua. Karani alipokuwa akiyapokea mabunda, yeye alisimama na noti za kuyachukulia mkononi. Kisha akazitia mfukoni, akatoka.

Alimkuta Verna akifunga mlango, anakwenda kwa dada yake.

“Umesahau nini?” Verna akauliza.

“Nikupeleke.”

Verna alisita, kisha akapanda. Njiani walipita benki mbili. Kila walipoikaribia moja, mguu wa Orrin ulilegea wenyewe kwenye pedali ya mafuta, na Verna akageuka kumtazama. Orrin akakanyaga, wakapita.