Kikohozi Kilichobaki Uani

Mshonaji alikuwa ameinama kwenye tuta la mabilinganya, bakuli kiunoni, akichuma yaliyoiva, chura alipokohoa. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, katikati ya kiangazi, ukuta bado una moto. Chura alikohoa mara tatu, akatulia, kisha akasafisha koo kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi.

"Pole, mume wangu," akasema Mshonaji bila kuinua kichwa, akaongeza bilinganya moja bakulini.

Kikohozi kile alikijua. Kwa miaka kumi na tisa kilikuwa kikiingia getini saa hiyo hiyo, kikimtangulia mwenyewe. Mumewe alikuwa mpiga dawa kwenye shamba la maua ng'ambo ya barabara, bomba la lita ishirini mgongoni, kitambaa mdomoni, kwa sababu barakoa zilikuwa zinakuja wiki ijayo. Zilikuwa zinakuja wiki ijayo kwa miaka yote kumi na tisa. Mwanzoni mwa mwaka mtu akazikwa, kikohozi kikabaki nyumbani.

Uani kwake marehemu hakutaka dawa hata tone. Mchicha, bamia, nyanya, mabilinganya, vyote alivipanda kwa mkono wake, na wadudu na ndege akawaachia fungu lao. "Waache wale," alikuwa akisema. "Kazini nawanyima, na nyumbani niwanyime?" Ndege walitoboa nyanya moja katika kila tatu, na mbili zilizobaki zilikuwa tamu hivi kwamba hazikufika jikoni. Ziliishia pale pale kwenye tuta, maji yake yakimchuruzika mtu mpaka kwenye kiwiko.

Baada ya chura huyo wakafuata vyura wenzake, kisha wanyama wengine. Kinyonga wa kwenye bamia alibadilika rangi kila alipokohoa, jambo lililomchosha sana. Shomoro walikohoa kwa zamu juu ya kamba ya kuanikia nguo. Mijusi walikohoa kwa adabu, kichwa pembeni. Mshonaji akawa anawawekea maji ya tangawizi kwenye kisahani, kisha anarudi kwenye cherehani yake. Majirani waliokuja kupimwa nguo waliwapa pole, wakaomba mchicha, wakaenda zao.

Kikohozi hakikumkera. Kilichomkera ni neno moja. Kwenye cheti alichoandika daktari wa shamba, mbele ya sababu ya kifo, paliandikwa: sigara. Mume wake, ambaye harufu ya sigara tu ilikuwa ikimtoa sebuleni! Mshonaji alimwandikia daktari huyo barua kumi na moja akiomba neno hilo lifutwe. Katika ya kumi na moja kalamu ilitoboa karatasi. Hakuomba kitu kingine chochote. Mtu amekufa kwa kazi ya watu, halafu watu haohao waandike kwamba alijiua mwenyewe, hilo lilikataa kushuka kooni. Barua zote alizipeleka shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akiishi chumba cha uani, na zote hazikujibiwa.

Katika barua ya kumi na mbili aliongeza kwamba anao mashahidi. Daktari akaja.

Alikuja na gari la shamba saa kumi na nusu, akapewa kigoda, akangoja. Saa kumi na moja chura alitoka chini ya mabilinganya, akakohoa. Daktari akamweka kiganjani, akamsikiliza kifua kwa kile kipimo chake cha masikioni, akamwambia avute pumzi. Chura akavuta.

"Huyu amevuta sana," akasema daktari.

"Chura?"

"Wanaanza hivihivi, mama. Moja moja, kwa kujificha."

"Daktari, ni ile dawa."

"Mama yangu, dawa haiui. Ndiyo maana ikaitwa dawa. Ingekuwa inaua tungeiita sumu."

Mshonaji akaingia ndani, akafungua droo ya cherehani, akatoa karatasi ambayo mumewe aliibandua kwenye galoni la dawa wiki moja kabla ya kulazwa. Ilikuwa na picha ya fuvu na mifupa miwili.

"Na hili?"

Daktari akalitazama kwa makini. "Hilo ni fuvu la mdudu."

"Mdudu hana fuvu!"

"Ndiyo maana anakufa upesi," akasema daktari, akaandika.

Hasira zilimpanda Mshonaji mpaka masikio yakaziba. Alitamani kumpasulia mtu yule bakuli la mabilinganya kichwani, na angempasulia, ila daktari alikuwa bado amemshika chura. Kinyonga akakohoa kwenye bamia. Daktari akaongeza mstari mmoja.

Wiki iliyofuata mafundi wawili wa shamba walileta karatasi yenye mhuri: wanyama wa uani, sababu ya maradhi, sigara. Wakapigilia na kibao kwenye nguzo ya kamba: HAPA HAIRUHUSIWI KUVUTA SIGARA. Walikipigilia chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, ili vyura waweze kukisoma.

Siku hiyo hiyo bomba la marehemu likapata mgongo mwingine.

"Shemeji, usiende," Mshonaji alimwambia.

"Nimetafuta kazi mwaka mzima, shemeji. Hata hivyo wameniambia barakoa zinakuja wiki ijayo."

Kiangazi kiliendelea. Mabilinganya yalizaa kupita kiasi, mchicha ukagawiwa mtaa mzima, ndege wakanenepa. Jioni moja Mshonaji alikuwa uani na kisahani chake cha tangawizi, saa kumi na moja ikagonga, na kikohozi kikasikika getini. Mara tatu, kimya, kisha koo likasafishwa. Akawageukia vyura. Walikuwa wamekaa chini ya mabilinganya, midomo imefungwa. Kinyonga kimya. Shomoro kimya. Walikuwa wamempisha.

Shemeji akaingia, kitambaa kikimning'inia shingoni, akakisoma kile kibao cha chini.

"Lakini mimi sivuti, shemeji."

"Najua," akasema Mshonaji. Akayamwaga maji ya kwenye kisahani, akaenda kuchukua glasi.