Kilo Sitini na Moja

Kwaruu! Chuma kilikwaruza lami nyuma yetu. Mkia wa pikapu ulikuwa umelala kiasi kwamba mnyororo wa trela uligusa barabara kila tulipopita kwenye tuta.

"Mpwa wangu, usukani umekuwa mwepesi," alisema mjomba. "Gari limeinua pua."

"Hesabu nimepiga, Mjomba. Wewe endesha tu."

Na kweli nilikuwa nimepiga. Kibati cha mlangoni kilisema gari linavuta kilo elfu mbili na mia tano, na mgongoni linabeba mia tisa. Trela na mashine yangu ya kuchonga vyuma vilikuwa elfu mbili na mia moja. Mifuko kumi na minne ya saruji pamoja na sisi wawili, mia nane arobaini na tano. Mimi si mtu wa kubahatisha. Ila mashine niliisukuma mbele kabisa ya trela, na trela ikaegemea ndoano ya gari kwa kilo kama mia nne. Hizo nazo zilikuwa mgongoni mwa gari, ila sikuziandika popote.

Kwenye kona mjomba alikata usukani. Magurudumu ya mbele hayakumsikiliza. Tulinyooka hivyohivyo mpaka tukavuka ukingo, tumbo la gari likakwama, pua ikabaki hewani juu ya korongo.

Mlango wangu ulikuwa juu ya majani, nikatoka. Wa mjomba ulikuwa juu ya korongo; alipojiinua ili anifuate kwa upande wangu, gari likainama mbele. Akarudi kitini polepole, kama mtu anayekalia mayai.

Dereva wa lori alisimama, akaja mbio. "Unatazama nini, kijana? Tushushe mzigo, gari lipate nafuu!"

Kabla sijafungua mdomo, alivuta mfuko mmoja wa saruji kutoka nyuma. Ukaanguka, ukapasuka. Pua ikashuka shubiri nzima, mawe yakaporomoka.

"Rudisha!" mjomba alipiga kelele. "Rudisha ulichotoa!"

Kurudisha nini? Kilo hamsini zilikuwa vumbi miguuni petu. Uzito uleule uliotupeleka ukingoni ndio sasa ulimshikilia mjomba, na sikuwa na cha kuuongezea ila mwili wangu. Nikapanda nyuma taratibu, nikakaa mwisho kabisa wa mkia wa pikapu.

Dereva alipiga simu, akaishusha. "Watu wa winchi ya kuvuta magari wanasema watafika baada ya muda wa saa mbili."

"Nani kapanda huko?" mjomba aliuliza bila kugeuza shingo.

"Mimi."

"Una kilo ngapi wewe?"

"Sitini na moja."

"Acha kujisifu. Hata hamsini hufiki."

Upepo ulipita, gari likalia kidogo, na nikaona vidole vyake vikikaza usukani usioongoza chochote.

"Mpwa wangu, bado upo?"

"Nipo, Mjomba. Sisogei, sisimami, hata kukohoa sikohoi, mpaka miguu yako ikanyage chini."