Mawe ya Émérence

Homa ilipomwacha Émérence haikumwacha mzima. Ilimwacha kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu. Maneno hayo ni ya mama mkwe wake, Mama Alphonsine, na hakuyasema kwa ubaya. Alikuwa mwanamke wa kusema anachokiona. Kila asubuhi alimtoa mkaza mwana wake nje, akamketisha mkekani upande wa jua, na kando yake akapanga betri nne za redio zipate joto, zirudishe sauti. Betri zilirudisha kidogo. Émérence bado.

Mwezi wa saba, Kalemie huwa haina milima. Moshi wa nyasi zinazochomwa huko juu huifunika yote, ziwa na mbingu vinashikana, na mtumbwi ukitoka utadhani unapanda hewani. Émérence alikaa ndani ya weupe huo, nusu macho nusu usingizi. Sauti za watu zilimfikia polepole, kana kwamba zimepita kwanza chini ya maji. Siku nyingine alimwona nyanya Marthe, bibi wa mume wake, aliyezikwa mwaka uliopita, ameketi palepale anasokota kamba na kuguna. Hakuogopa. Alimsogezea mkeka.

Alhamisi, katika usingizi huohuo, alisikia mazungumzo nyuma ya nyumba.

"Mutoto huyu hawezi kutwanga, hawezi kuteka maji," Mama Alphonsine alimwambia mwanawe Basile. "Watu wa salongo, hii kazi ya mtaa, wananiuliza kila Jumamosi muke wako iko wapi na jembe lake. Arudi kwao Moba, mama yake amulinde. Kesho kutwa, salongo ikiisha, kuna mashua."

"Na atarudi lini?"

"Akipata nguvu."

Basile akaokota kasia lake. Mabega alikuwa nayo, angeweza kubeba mtumbwi peke yake, ila mbele ya mama yake alikuwa laini kama ugali wa moto. Émérence alingoja aseme hapana. Alingoja mpaka nyayo zake zikaishia ziwani. Basi akalia, na hata kilio chake hakikuwa na nguvu ya kufika pembeni ya nyumba. Alimpenda mwanaume huyo jamani, na aliwajua wanawake waliopelekwa kwao wapate nguvu. Mashua ya kuwarudisha haijafika mpaka leo.

Basile naye alikuwa na msiba wake. Katika nyavu zake tatu ulikuwa umebaki mmoja. Alikuwa anavua kwenye majabali ya kuelekea Kabimba, na wavu wa huko hushushwa chini kwa mawe yaliyofungwa ukingoni. Jiwe likinasa kwenye miamba, wavu nao umenasa, na ukiuvuta unachanika. Nyanya Marthe alipokuwa hai, mawe aliyafunga yeye, kwa kamba ya mgomba. Alipokufa, mjukuu wake akafunga kwa nailoni ya Kigoma, isiyosikia hata jino la mamba. Masikini, alidhani anatengeneza. Nyavu mbili zikalala ziwani.

Ijumaa asubuhi Basile alitandaza ule wavu wa mwisho karibu na mkeka, akaenda kumwamsha Edmond, mwenzake wa kupiga kasia, ambaye kuamka kwake ni kazi ya saa nzima. Émérence aliyatazama mawe manane yamekabwa na nailoni. Akamsikia nyanya Marthe kabisa, karibu na sikio.

"Mawe njo ya Mungu, wavu njo wa duka. Acha ziwa libebe ya Mungu."

Akayafungua. Fundo moja lilimmaliza pumzi, akapumzika, akashika lingine. Alichukua maganda makavu ya mgomba akasokota kama alivyomwona bibi akisokota: kamba moja ndefu, halafu anaivuta ghafla kwa mikono yake. Ikikatika, kipande kilichobaki ndicho cha kufungia jiwe. Ikikataa, anaitupa. Kamba hukatikia pembamba, watu husema, na husema kwa lawama. Kama mawe yangeanguka kabla ya kufika chini na wavu wa mwisho ukaenda na maji, nani angelaumiwa? Alijua ni nani.

Basile alirudi na Edmond, akabeba wavu begani bila kuutazama. Émérence alifungua mdomo amwambie. Sauti haikutoka, na mume akayeyuka kwenye weupe. Mama Alphonsine akaiokota nailoni iliyobaki mchangani, maana kitu kizuri hakitupwi, akafungia nayo kifurushi cha nguo za mkaza mwana wake.

Émérence alilala amekaa. Aliyaona mawe yake yanashuka polepole, samaki wanayapisha, na nyanya Marthe yuko chini kabisa anayapokea moja moja.

Jua lilikuwa kichwani waliporudi. Basile alitua wavu mbele ya mkeka, maji yanamchuruzika mgongoni.

"Mawe tano yamebaki chini," alisema.

"Umefunga vibaya tena," mama yake akamjibu.

"Hapana, Mama. Wavu umenasa mara tano. Kila tukivuta, jiwe linabaki, wavu unakuja. Tazama, hakuna tundu hata moja. Na si mimi njo nilifunga."

Hapo akakiona kifurushi mlangoni. Akaitambua nailoni yake. Akaiangalia, akaviangalia vidole vya mke wake, vimeingia weusi wa utomvu wa mgomba, na akachuchumaa mbele yake.

"Nimemufungia nguo zake," Mama Alphonsine alisema. "Kesho salongo ikiisha..."

"Kesho salongo ikiisha nashusha wavu, Mama. Nani atanifungia mawe?"

"Mimi. Mikono sina?"

Akaketi, akasokota, akafunga jiwe. Basile alivuta, kamba ikakataa. Akasokota nyingine, ikakataa. Mikono ile ilikuwa imetwanga muhogo miaka arobaini, na haikujua kufanya kidogo. Kamba ya tatu alimpa Émérence. Émérence aliivuta mara mbili, akamrudishia.

"Hii ina nguvu sana, Mama."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini wote waliisikia. Mama Alphonsine aliitupa kamba. Kisha alivuta kifurushi, akahangaika na fundo la nailoni kwa kucha, akajaribu kwa meno. Fundo halikusogea.

"Nililifunga mimi mwenyewe," aliguna. "Basile, lete kisu."