Asidi Safi

Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, saa nne na robo asubuhi. Manyunyu, na ukungu umeifunika milima ya Uluguru hadi kiunoni. Uani kwangu Bigwa, chini ya kibanda cha mabati, asidi ya kusafishia vigae ilichemka taratibu katika chupa ya kioo. Dukani ilitoka na umanjano wa kutu. Upande wa pili wa bomba ilidondoka angavu kama maji ya chemchemi. Tangu nistaafu, miaka miwili sasa, nimezigawia shule za kata asidi hiyo bila malipo. Nilijihesabu mtu safi.

"Kiranja mkuu, bado unapika sumu?"

Alikuwa Twalibu. Tulilala bweni moja, na sikuwa nimemwona kwa miaka arobaini na mitatu. Nyuma yake alisimama bintiye, Mwanahawa, mwalimu wa kemia huko Kinole.

"Shikamoo, baba," alisema binti. "Mtihani wa vitendo umekaribia, na asidi yetu ina rangi."

"Marahaba. Keti, mwanangu."

"Hakuja kwa asidi tu," alisema Twalibu. "Nimemleta amwone mtu. Tukikosana nyumbani huniambia: baba, usingeiba, leo ungekuwa profesa."

"Baba, ule ulikuwa utani."

"Utani wa miaka ishirini, mama, huota mizizi."

Nilijua anachokitaja. Tukiwa kidato cha tano niliiba chupa ya asidi maabarani, nikaipasha moto nyuma ya bweni nipate kuisafisha. Ikapasuka. Twalibu akanivuta kando, akaufuta mguu wangu kwa shati lake. Alikuwa na shati hilo moja tu. Asubuhi, mstarini, mkuu wa shule akayaona matundu ya asidi kwenye shati. Akauliza mara tatu nani aliyeiba. Kwetu sisi, kumtaja mwenzako kulikuwa aibu kubwa kuliko kufukuzwa, Twalibu akanyamaza. Nami nikanyamaza, nikijiambia kwamba nalinda heshima ya bweni. Yeye akapanda lori na sanduku lake. Mimi, mwisho wa mwaka, nikatunukiwa cheti cha uadilifu, nikakipokea kwa mikono miwili.

Asidi ikisafishwa, uchafu haufi. Hubaki kitakoni mwa chupa, mzito kuliko awali.

"Unataka nini?" niliuliza kwa sauti kavu. "Kama ni ada ya wajukuu..."

"Bonifasi, shika adabu. Nina migomba, nina mdalasini. Nilichokosa ni sentensi moja, na unayo wewe."

Hata hapo nilitafuta maneno ya kujikinga: ujana, ukali wa shule za zamani. Yote yalinuka. Nikazima jiko, nikasimama wima mbele ya binti.

"Chupa ile niliiba mimi. Baba yako aliniokoa nisiungue, nami nikamwacha afukuzwe."

Mwanahawa hakunitazama. Alimtazama baba yake muda mrefu, kama anayetambulishwa kwake, kisha akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

Nami nikaunyoosha wangu.

"Deni umelilipa," alisema Twalibu, akigeuka kuondoka. "Mkono baki nao."