Hatua Kumi na Moja hadi Bukoba

Katika ofisi ya tiketi za ndege, karani Revelian alipima ramani kwa uzi na rula, kisha akaandika ubaoni: London, maili elfu nne na mia sita, saa ishirini na nane. Bukoba haikuwemo ubaoni. Mtu wa Bukoba alipanda treni.

Jumatatu moja ya mwaka 1951 Revelian alipata telegramu kutoka kwao Bukoba: mama amefariki, mazishi kesho.

Bwana Pelham, mkuu wake, akampa siku tatu. "Kwenda na kurudi."

"Ni treni hadi Mwanza, bwana, kisha meli. Siku tatu zitaishia njiani."

"Kanuni ni siku tatu."

Bwana Pelham alikuwa amerudi juzi tu kutoka harusi ya dada yake London. Siku zake za njiani hazikuhesabiwa.

Revelian akarudi kwake Chang'ombe, akatandaza ramani yake kuukuu mkekani, akapima kutoka hapo hadi Bukoba. Maili mia sita na arobaini. Akapima tena, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupima mara moja. Kisha akaikunja mpaka miji miwili ikagusana, akaibana kwa jiwe, akalala.

Asubuhi mkewe, Auleria, alifungua mlango wa uani amwage maji, akaiona migomba ya kwa mkwewe nyuma ya choo.

"Baba Ansbert, tumefika," alisema. "Vaa viatu."

Zilikuwa hatua kumi na moja.

Jirani yao Kondo alichungulia juu ya ua wa makuti. "Poleni sana. Lakini nyie Wahaya mna makuu! Yaani mpaka migomba mnahama nayo?" Kisha akachukua jembe, akavuka nao kwenda kusaidia kuchimba kaburi.

Saa nne Bwana Pelham, aliyesikia kwamba Revelian hakupanda treni, akafika Chang'ombe kumtafuta. Akasimama kando ya choo, kofia kichwani, akatazama jeneza likishushwa. Akahesabu hatua kwa macho.

"Revelian! Hapa hapana safari. Kwa hatua kumi na moja, kanuni ni nusu siku. Saa nane uwe ofisini."

"Nimekusikia, bwana. Namzika mama."

"Nitakuandika mtoro."

"Andika."

"Mwambie avue kofia kwanza," Auleria alisema, bila kugeuka.

Bwana Pelham hakuivua. Akatoa daftari, akaandika kwamba karani Revelian hajulikani alipo. Kwa watu wa Bukoba, tangu siku hiyo, likizo ya msiba ikawa nusu siku.

Kwao Revelian, mama akifa, watoto huketi msibani siku nne, na hakuna anayegusa kazi. Revelian akatupa udongo kaburini kwa mikono miwili, akajipangusa, akaenda kuketi juu ya nyasi zilizotandazwa, uso wake ukimwelekea mkuu wake.

"Leo ya kwanza, bwana," alisema. "Bado tatu."