Albamu ya Nne ya Nyundo Tatu

Mwenyekiti wa mashabiki wa Nyundo Tatu alifika kwa mjane wa Sikio Jumamosi saa tisa mchana, miezi miwili baada ya maziko. Hakuja mikono mitupu: alileta maboksi manne matupu na watu wawili wa kuyabeba.

Mjane mwenyewe, Mama Pacha, alikuwa sebuleni kwenye cherehani yake, akipinda suruali ya mteja. Aliyaona maboksi kabla hajaziona nyuso. Mwenyekiti alikuwa daktari wa meno, mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka likataka kusimama lenyewe. Nyuma yake alikuwa mwalimu wa hesabu, mtunza kumbukumbu wa chama. Wa tatu ndiye aliyemchoma moyo: shemeji yake, mdogo wa marehemu, dereva wa lori, ambaye hakuwa amekanyaga nyumba ile kwa miaka miwili. Hata mazikoni alisimama nyuma ya watu, akaondoka kabla udongo haujakauka.

"Shemeji, hujambo," dereva alisema, macho yakiwa sakafuni.

"Sijambo. Mnahamia au mnahamisha?"

Mwalimu akaweka maboksi yake chini.

Nyundo Tatu ilikuwa bendi ya roki iliyovunjika siku nyingi, na kama kawaida ya wafu, sifa zake zilizidi kunenepa kila mwaka. Ilitoa albamu nne. Katika tatu za kwanza kulikuwa na mpiga gitaa mwenye vidole vya moto. Ya nne ilirekodiwa baada ya yeye kugombana na wenzake na kujiendea zake. Basi kwa chama, ya nne haikuzaliwa. Kundi lao la simu lilikuwa na watu mia tatu na ushee, na kanuni ya kwanza ilikuwa: albamu ni tatu. Mgeni akiitaja ya nne alirushiwa maneno mpaka akome au atoke.

Mtu mmoja tu alithubutu kuivunja kanuni hiyo na akaachwa: Sikio. Walimpa jina hilo kwa sababu alisikia visivyosikika. Aliwahi kuandika kwamba katika wimbo fulani mpiga besi alikosea, akajirudi upesi. Kwamba katika mwingine, mlango wa studio ulifungwa katikati ya ubeti. Wenzake walizirudia santuri zao, wakaukuta mlango. Miaka miwili kabla moyo wake haujasimama, Sikio alianza kuandika kwamba albamu ya nne, *Sauti ya Chini*, ndiyo bora kuliko zote. Kundi likawaka. Watu kumi na mmoja walijitoa. Mwenyekiti hakumfukuza, lakini hakusahau.

"Tumekuja kuchukua santuri," Mwenyekiti alisema, akiwa ameshakaa bila kukaribishwa. "Marehemu alisema siku zote kwamba zitakuwa za chama."

"Aliandika wapi?"

"Mama, haya ni mambo ya watu wanaoelewa."

"Ndiyo nauliza. Aliyeelewa akaandika wapi?"

Dereva aliingilia. "Shemeji, usibishe tu kwa kubisha. Wewe zitakufaa nini? Utafunikia mitungi?"

Mwenyekiti alikuwa ameshainuka, yupo kwenye rafu, akipitisha kidole juu ya migongo ya majalada kama anayehesabu meno mabovu. Akachomoa jalada jeupe lisilo na picha. Ilikuwa nakala ya majaribio ya albamu ya tatu, iliyotolewa kiwandani kabla ya zile za kuuzwa. Chama kilijua kwamba zilizobaki hazifiki kumi. Sauti yake ikalainika. "Hii hasa. Ile ya nne unaweza kubaki nayo. Takataka ile hata sisi hatuna pa kuitupa."

"Rudisha hapo ulipotoa."

"Mama Pacha, sikiliza. Nilimheshimu mumeo. Lakini mwishoni alichanganyikiwa, sote tuliona. Yale aliyoyaandika kuhusu albamu ya nne, mtu mwenye akili zake hawezi. Alitugawa. Miaka kumi na tano ya chama, akatugawa kwa upuuzi."

Mama Pacha akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Baadaye alisema kwamba angeweza kuvumilia maboksi, na hata mitungi. Hilo la kuchanganyikiwa ndilo lililomkaa kooni.

"Upuuzi huo ni wangu," alisema.

"Samahani?"

"Niliyesikia ni mimi. Mume wangu alikuwa hasikii."

Mwenyekiti akacheka kicheko kifupi. Mwalimu hakucheka.

Ndipo akawaeleza. Sikio alikata vyuma kwenye kiwanda cha mabomba kwa miaka ishirini na mitatu, na ile mashine ilikula masikio yake kidogo kidogo, kama panya wanavyokula gunia. Sauti nyembamba zilikwenda kwanza, zikafuata sauti za watu. Miaka sita ya mwisho alisikia mvumo tu. Mtu anayeitwa Sikio atasemaje mbele ya watu mia tatu kwamba amekuwa kiziwi? Basi jioni, kazi zikiisha, aliweka santuri na kubandika kiganja kwenye spika, naye mkewe akakaa mbele na kumwambia: hapa gitaa limeingia, hapa mwimbaji kavuta pumzi, hapa mtu kasogeza kiti. Alimsemea polepole, ili amsome midomo. Mumewe akaandika kwa vidole viwili. Wakati mwingine walibishana mpaka akalala amenuna. Kuhusu albamu ya nne hawakubishana. Ngoma zake zilikuwa nzito, zilizokaa chini, na mkononi mwake alizipata vizuri kuliko zote.

"Uongo," Mwenyekiti alisema.

"Alikuwa anatutazama midomo," mwalimu alisema taratibu. "Kwenye mikutano. Na swali likitoka nyuma yake alikuwa hajibu."

"Nyamaza, Mwalimu. Kama ni kweli, basi ni vibaya zaidi. Tumeongozwa na tapeli. Kiziwi anatufundisha muziki, na nyuma yake kuna mshona suruali!"

Mama Pacha alimgeukia shemeji yake, akitarajia kwamba damu ya undugu ingemwamsha. Ndugu yake ameitwa tapeli ndani ya nyumba yake mwenyewe. Dereva alikuwa amesimama na boksi kifuani. Aliposema, alimsemea yeye, si Mwenyekiti.

"Miaka sita?"

"Sita."

"Kwenye harusi ya binti yangu nilimwita. Nilimwita mara nne, mbele ya wakwe. Akanipa mgongo akaenda zake. Watu wakacheka."

"Hakukusikia."

"Nilimwambia mke wangu, kaka ameniona mimi takataka. Sikumpigia simu tena. Sikuja hapa tena." Sauti yake ilipanda. "Amekufa sisemi naye! Ungeniambia neno moja tu, wewe mwanamke! Neno moja!"

"Aliniapisha."

"Aliapishwa nani na nani? Mimi ni mdogo wake!"

"Ungekuja, ungeona. Ulinuna huko kwako miaka miwili, sasa umekuja na boksi."

Dereva alilibwaga boksi sakafuni, akatoka. Mlango ulibamizwa kwa nguvu hadi kalamu ya chaki ikabingirika kutoka mezani.

Mwenyekiti hakupoteza wakati. Alilibana lile jalada jeupe kwapani, akaanza kujongea mlangoni kana kwamba msiba wa wengine ni nafasi yake ya kupita. Mama Pacha alifika mlangoni kabla yake. Mkononi alikuwa na mkasi wa kukatia vitambaa. Hakuunyanyua, lakini hakuuweka chini pia.

"Weka hapo mezani. Ukitoka nayo, Jumatatu utang'oa watu meno kwa miguu."

"Unanitishia?"

"Ninakufahamisha."

Aliiweka. Alipokuwa akitoka alisema kwamba dunia nzima itajua. Mwalimu aliyafuata maboksi yake kimya, akiyaokota moja moja.

Mwenyekiti alitimiza ahadi. Kabla jua halijazama, kundi zima lilikuwa limesoma kwamba Sikio alikuwa kiziwi na mwongo. Matusi yalikuja kwa mafungu. Mmoja alitaka arudishiwe heshima aliyompa. Mwingine alidai kwamba siku zote alijua. Kulipopambazuka, Mwenyekiti alikuwa amefuta maandishi yote ya Sikio, ya miaka yote, hata yale ya kabla hajapoteza masikio.

Mama Pacha aliyaona yote kwenye simu ya marehemu. Alilia kidogo, kisha akakasirika, na hasira ilimfaa zaidi. Akaandika: *Mimi ni mke wake. Mlango mliousikia nyote, niliusikia mimi kwanza. Mkifuta, futeni na mlango kwenye santuri zenu.* Alipata majibu arobaini, matatu tu yasiyo na tusi. Aliyajibu yote arobaini, moja baada ya jingine, mpaka walipomtoa.

Siku chache baadaye mwalimu alimtumia ujumbe kwa siri, akiomba msamaha na kuuliza kiti kilisogezwa katika wimbo gani. Alimjibu: *Ulikaa kimya nyumbani kwangu. Kitafute.*

Shemeji yake alirudi wiki ya tatu, asubuhi, lori likiwa limeegeshwa nje na shehena juu. Hakuomba radhi wala hakusalimia vizuri. Alikaa kwenye kiti cha kaka yake, akasema, "Weka hiyo ya nne."

Aliiweka. Dereva alisikiliza upande mzima, mikono magotini. Wakati fulani alinyoosha mkono akabandika kiganja kwenye spika, akakiacha hapo, na mabega yakaanza kumtetemeka. Mama Pacha alitazama dirishani mpaka wimbo ulipokwisha.

"Mbaya," dereva alisema, akijifuta uso kwa mkono wa shati. "Mbaya kabisa. Alipendea nini huyu mtu?"

"Ngoma."

"Sijakusamehe, shemeji."

"Sikukuomba. Chai utakunywa?"

"Nina mzigo." Lakini hakuinuka. Akauliza, "Aliongea nini kunihusu? Miaka hiyo."

Mama Pacha alifikiri kumpa jibu tamu, akaona hana nguvu ya uongo mwingine. "Alisema umemtupa. Alifikiri ni kwa sababu ya harusi, kwamba alikosea jambo, hakujua lipi."

Dereva alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Kisha akatoka, akapanda lori lake, akakaa kwenye usukani muda mrefu bila kuwasha injini. Mama Pacha aliirudisha sindano ya santuri mahali pake, akaivuta suruali ya mteja, akaendelea kupinda.