Kodi ya Meza ya Tai

Phares alikuja kazini na utepe wa kupimia shingoni kama fundi, na mtu mwenyewe hajawahi kujishonea hata kifungo. Rispa alimtazama siku hiyo ya kwanza akipiga magoti sakafuni na suruali yake ya suti, akichora mistari ya rangi nyeupe kuizunguka kila meza, akajisemea kwamba Hajia Falis safari hii ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Karakana ya Hajia ilikuwa ghorofani, juu ya duka lake la sare za shule pale Eastleigh. Ilikuwa na meza tatu. Rispa alisimamia sweta na mashine za kufuma, Mutisya alisimamia mashati na sketi, na Celine alishona tai. Kwa miaka kumi na moja Hajia aliweka pesa zote kwenye droo moja, akatoa laki moja ya mwenye nyumba kila mwezi, akalipa watu wake, na kilichobaki kikawa riziki yake. Halafu bei ya nyuzi ikapanda, Hajia akaingiwa na hofu, akaletewa huyu bwana wa Buruburu mwenye shahada ya mambo ya gharama.

"Kila meza ni kama nyumba kwa ploti," Phares aliwaeleza, tumbo mbele. "Futi moja ya mraba, mia moja kwa mwezi. Ikifika mwisho wa mwezi tutajua nani anabeba kampuni na nani anabebwa. Si ni poa?"

"Kumbe wewe ni keateka wa kukusanya kodi," Mutisya alisema, na chumba kizima kikacheka. Jina likamganda. Phares alicheka pia, maskini, akidhani anapendwa.

Rispa hakuwa na heshima hata kidogo kwa hesabu zile. Mtu anayepima kazi kwa kupima sakafu, alisema, ni sawa na anayepima chakula kwa kupima sufuria. Meza ya Celine ilikuwa kubwa kwa sababu kitambaa cha tai hukatwa mshazari. Ukikikata wima, tai hujipinda shingoni mwa mtoto kabla hata hajafika shuleni. Lazima kitambaa kilale chote, kona kwa kona. Mtu yeyote aliyewahi kushika mkasi angejua hilo, lakini Phares hakuuliza mtu. Aliandika tu: tai, futi mia mbili na hamsini. Sweta, mia tatu. Mashati na sketi, mia nne na hamsini.

Karatasi ya kwanza ilipotoka, Rispa aliacha kucheka. Sweta zilikuwa zimebakisha shilingi elfu moja baada ya kodi. Elfu moja! Tai zilibakisha elfu tatu. Phares alizungushia jina la Rispa kwa kalamu nyekundu, akambandika ukutani kama mwizi wa kuku.

"Auntie, pale uko karibu sana na shimo," alimwambia. "Punguza nafasi."

Basi Rispa akapunguza. Phares alipima sakafu Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi, saa saba mchana, Hajia akiwa msikitini. Asubuhi ya Ijumaa iliyofuata, Rispa alimwendea Celine.

Na hapa lazima ijulikane Celine alikuwa nani kwake. Wote wawili walikaa Ziwani, Celine mlango wa tatu kutoka kwa Rispa. Walikuja kazini pamoja kwa miguu kila asubuhi, na Jumapili waliimba kwaya moja, Rispa sauti ya kwanza na Celine ya pili. Mume wa Celine alipopoteza kazi ya kanjo, uaskari wa jiji, ni Rispa aliyemleta kwa Hajia. Kwa hiyo hakuhitaji maneno mengi.

"Dirisha langu linavuja," Rispa alisema. "Nishikie maboksi ya nyuzi hapo kwako mpaka mvua iishe."

"Hata usiulize, Mama Owuor," Celine akajibu, na mwenyewe akanyanyua boksi la kwanza.

Dirisha halikuwa linavuja. Phares alifika na utepe wake, akayaona maboksi upande wa Celine, akafuta mstari wa zamani na kuchora mpya bila kuuliza neno. Rispa akawa na futi mia mbili na thelathini. Celine akawa na mia tatu na ishirini. Mpumbavu kapimwa na mwerevu, Rispa alijiambia, na akacheka njia nzima ya kwenda nyumbani huku Celine akimwuliza anachekea nini.

Mvua iliisha. Maboksi yakabaki. Miezi miwili mfululizo sweta zilibakisha elfu nane, na tai, ambazo mauzo yake hayakuwa yamepungua hata tai moja, zikaonyesha hasara ya elfu nne. Mwezi wa tatu Phares alimwita Celine chini dukani. Celine alipanda tena dakika kumi baadaye, akachukua mkasi wake na leso yake, akaaga mmoja mmoja. Rispa alimkumbatia na kumlaani Phares kwa sauti. Alimlaani keateka, akalaani shahada yake na waliompa. Alilaani kila kitu isipokuwa maboksi.

Sasa mwenye nyumba wa Eastleigh hajui habari za mistari. Mwisho wa mwezi alitaka laki moja yake ileile. Nafasi aliyoacha Celine ilikuwa tupu, ukitoa yale maboksi, na Phares, kwa kuwa lazima kila futi ipate mtu wa kuilipia, aliigawa nusu kwa nusu. Rispa akaongezewa futi mia moja na sitini za sakafu ambayo sehemu yake kubwa hakuwa akiiwekea hata sindano. Karatasi ilipotoka, sweta zilikuwa na hasara ya elfu nane.

"Mkuki kwa nguruwe," Mutisya alinong'ona, bila kuinua macho kwenye cherehani yake. Yeye alikuwa ameyaona maboksi tangu siku ya kwanza.

Phares akapendekeza mashine za kufuma ziuzwe. Rispa hakungoja kuitwa. Aliteremka dukani, akamkuta Hajia Falis nyuma ya kaunta na Phares kando yake, kompyuta wazi.

"Hajia, tai zilipoondoka, mwenye nyumba alikupunguzia ngapi?"

"Hata shilingi."

"Na tai zilikuwa zinaleta ngapi kabla ya hiyo kodi ya rangi nyeupe?"

Hajia alimtazama Phares. Phares alikohoa. "Elfu ishirini na nane. Lakini, Hajia..."

"Kwa hiyo umetupa elfu ishirini na nane na kodi imebaki palepale. Kesho unataka kutupa zangu. Keshokutwa Mutisya atabeba laki nzima peke yake, na mtondo utafunga duka ukiwa na karatasi safi kabisa!"

Hajia aliweka kalamu chini. Alikuwa mama wa biashara. Alihitaji kusikia jambo mara moja tu. Lakini Phares hakukubali kufa bila kurusha mguu.

"Hata hivyo, meza ya tai ilikuwa inapata hasara. Ilikula futi mia tatu na ishirini. Nilipima mimi mwenyewe. Namba hazidanganyi, Auntie."

Rispa angeweza kunyamaza. Hoja alikuwa ameshaishinda. Lakini kuona kidevu kile kimeinuliwa, kusikia lile neno *namba*, dharau ikampanda mpaka utosini ikamfungua mdomo.

"Namba gani, wewe? Sabini kati ya hizo zilikuwa nyuzi zangu! Nilikuwekea maboksi kwa Celine chini ya pua yako, na wewe ukapiga magoti ukayachorea mstari. Tai hazijawahi kupata hasara hata siku moja!"

Phares alifunga kompyuta polepole. Rispa alikuwa ameshinda, na alisubiri Hajia acheke.

Hajia hakucheka. "Mimi nimemfukuza mama wa watoto wanne," alisema, "kwa maboksi yako." Akafungua daftari la oda, akalifunga tena. "Nenda umwambie arudi. Sitamtuma mtu mwingine. Nenda wewe, na umweleze kama ulivyotueleza sisi."

Jua lilikuwa bado juu Rispa alipofika Ziwani. Celine alikuwa nje ya mlango wake, anafua nguo za watu, nguo za watu wengine kabisa, mabeseni matatu. Alisikiliza yote bila kuacha kusugua. Alipomaliza kusikiliza aliuliza swali moja tu, kama dirisha lilikuwa linavuja kweli.

"Halikuwa."

"Nitarudi Jumatatu," Celine alisema. "Watoto lazima wale."

Rispa akashusha pumzi. Akaanza tena, kwa moto wake wote, kwamba yule Phares ni mjinga aliyesoma, kwamba ni yeye na utepe wake waliowagombanisha watu wazima, kwamba ametoka Buruburu kuja kuwaharibia...

"Phares simjui," Celine alimkata. "Wewe ndiye nilikuwa nakujua."